Lishe na udhibiti wa kisukari katika Mkoa wa Songwe

Udhibiti wa kisukari kwa lishe ni kupanga aina, kiasi na nyakati za chakula ili sukari katika damu ya mgonjwa isipande mno wala kushuka mno. Ni sehemu ya matibabu ya kila mwenye kisukari, awe anatumia dawa au hatumii. Katika Mkoa wa Songwe, ulioko kusini-magharibi mwa Tanzania, suala hilo linahusu kwanza mahindi, kwa kuwa ugali ndio chakula kikuu cha wakazi wengi na mahindi ndiyo zao linalojaza maghala yao.

Mgonjwa anayeambiwa tu "acha ugali" mara nyingi hana kitu kingine cha kushiba, na hivyo huenda akauacha ushauri wote. Lishe ya kisukari haidai vyakula vya pekee vya dukani. Vyakula vinavyolimwa na kuuzwa mkoani vinatosha, mradi kiasi cha wanga kipunguzwe, mboga na kunde ziongezwe, sukari ya kwenye vinywaji iondolewe na milo ilingane na dawa.

## Kisukari na chakula mwilini

Kisukari ni ugonjwa ambao kiwango cha glukosi katika damu hubaki juu kwa muda mrefu. Glukosi hutokana hasa na wanga, yaani nafaka, mizizi, ndizi, matunda na sukari yenyewe. Ili itoke kwenye damu na kuingia katika misuli na viungo vingine, inahitaji insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho.

Katika kisukari aina ya 1 kongosho haitengenezi insulini ya kutosha, au haitengenezi kabisa, na mgonjwa hawezi kuishi bila kudungwa insulini. Katika aina ya 2, ambayo ndiyo ya watu wengi zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitikii ipasavyo, na baada ya miaka kadhaa kongosho huchoka. Kisukari cha ujauzito huonekana kwa mara ya kwanza wakati wa mimba na huongeza hatari kwa mama na mtoto.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Madhara yake ni upofu, figo kushindwa kufanya kazi, kiharusi, ugonjwa wa moyo na vidonda vya miguu vinavyoweza kusababisha mguu kukatwa. Mafuta, nyama na mboga za majani huipandisha sukari kidogo kuliko wanga. Kwa hiyo swali la kwanza katika kupanga mlo ni kiasi cha wanga kilichomo.

## Historia

Kabla ya insulini, chakula kilikuwa tiba pekee. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Frederick Allen wa Marekani aliwapa wagonjwa chakula kidogo sana. Njia hiyo iliongeza maisha ya baadhi yao kwa miezi au miaka, lakini wengi walikonda hadi kufa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kupata insulini mjini Toronto, Kanada, na mwaka 1922 ilidungwa kwa mgonjwa wa kwanza. Tangu hapo lishe haikuwa tena badala ya dawa, bali mwenzi wake.

Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake, pia wa Toronto, walionyesha kwamba vyakula vyenye kiasi kilekile cha wanga havipandishi sukari kwa kasi ileile. Maharage, kwa mfano, huipandisha polepole kuliko mkate mweupe.

Mwaka 2002 matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari yalionyesha kwamba kupunguza takriban asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki kulipunguza idadi ya waliopata ugonjwa kwa asilimia 58. Mwaka 2017 utafiti wa Uingereza uliwafuatilia watu 306 wenye aina ya 2 ambao hawakuwa wakitumia insulini na hawakuwa wamekaa na ugonjwa kwa zaidi ya miaka 6. Nusu yao walipewa mpango mkali wa kupunguza uzito chini ya uangalizi, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 ya hao walikuwa na kiwango cha sukari kilicho chini ya kile cha ugonjwa bila kutumia dawa. Hali hiyo huitwa nafuu, si kupona, kwa sababu sukari hupanda tena uzito ukirudi.

Nchini Tanzania, uchunguzi wa Donald McLarty na wenzake katika vijiji 6, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za chunguzi hizo mbili hazikuwa sawa, hivyo tarakimu zake hazilinganishwi moja kwa moja, lakini zinaonyesha kwamba ugonjwa uliokuwa nadra sasa ni wa kawaida. Chama cha Kisukari Tanzania kilianzishwa mwaka 1985. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting.

## Mkoa wa Songwe na vyakula vyake

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yako Vwawa. Wilaya zake ni Ileje, Mbozi, Momba na Songwe, na mji wa Tunduma una halmashauri yake. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na wakazi 1,344,687. Miongoni mwa wenyeji wamo Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na Wabungu. Mkoa unapakana na Zambia na Malawi, ambako ugali uleule huitwa *nshima* au *nsima*.

Nyanda za juu za Mbozi na Ileje zina baridi na mvua ya kutosha. Hulimwa mahindi, maharage, kahawa, viazi, ndizi na maparachichi. Katika mabonde yenye joto ya Momba, kama vile Kamsamba na Msangano, hulimwa mpunga, mtama na ufuta. Ziwa Rukwa hutoa samaki. Karanga, alizeti na ulezi hupatikana sehemu nyingi.

Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu Aprili au Mei, na msimu huo hugusa mlo wa mgonjwa. Wakati wa masika mboga za majani, maboga na uyoga wa porini ni vingi, ila katika nyumba nyingi akiba ya nafaka imepungua. Baada ya mavuno mahindi hujaa nyumbani, lakini kadiri kiangazi kinavyoendelea mboga huadimika mbali na mabonde yenye maji. Hapo mlo unaweza kubaki ugali mwingi na kitoweo kidogo. Kukausha majani ya kunde na maboga wakati wa masika, au kulima bustani ndogo inayomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, husaidia kupitisha miezi hiyo.

## Ugali: dona, sembe na kiasi

Unga wa mahindi huuzwa kwa namna mbili. Sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa, yaani yaliyoondolewa pumba na kiini. Dona ni unga wa punje nzima. Dona ina nyuzinyuzi, vitamini na madini zaidi, hushibisha mapema na husaidia choo kuwa laini. Kwa sababu hizo wataalamu wa lishe huipendekeza kuliko sembe.

Hata hivyo, dona si unga usio na sukari. Gramu 100 za unga wa mahindi, uwe wa dona au wa sembe, zina wanga wa gramu 70 hadi 80 hivi. Mtu anayekula ugali wa dona uliosongwa kwa gramu 250 za unga anapata wanga wa karibu gramu 190 kwa mlo mmoja. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, mipango ya lishe huanza na gramu 45 hadi 60 za wanga kwa mlo, sawa na unga wa gramu 60 hadi 80. Kwa macho, hicho ni kipande cha ugali kinachokaribia ukubwa wa ngumi ya mlaji mwenyewe. Anayefanya kazi nzito ya shamba anaweza kuhitaji zaidi, na kiasi chake hupangwa kwa kupima sukari kabla ya mlo na saa 2 baada yake.

Hali ni hiyohiyo kwa ugali wa mtama, ulezi au muhogo. Ulezi una kalsiamu nyingi na nyuzinyuzi, lakini gramu 100 za unga wake zina wanga unaokaribia gramu 70. Unga wa muhogo una wanga mwingi zaidi na protini kidogo sana. Uji, hata ukiwa wa ulezi, huweza kupandisha sukari haraka kwa sababu unga umesagwa laini na hunywewa kwa wingi, na ukitiwa sukari hupandisha zaidi.

Nafaka isiyosagwa humeng'enywa polepole. Kwa hiyo kande, mchanganyiko wa punje za mahindi na maharage, ni chakula kizuri kwa mwenye kisukari kama maharage ni mengi kuliko mahindi na mafuta ni kidogo. Mahindi mabichi ya kuchemsha au kuchoma nayo huhesabiwa kama wanga. Aliyekula hindi moja kubwa apunguze ugali wa mlo unaofuata.

Dona haikai muda mrefu kama sembe, kwa kuwa mafuta ya kiini huchacha. Inafaa kusaga kidogo kidogo, na mahindi yawe yamekaushwa vizuri. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika.

## Kupanga sahani

Njia rahisi inayofundishwa katika kliniki nyingi duniani ni kugawa sahani:

* nusu ya sahani: mboga zisizo na wanga mwingi, kama mchicha, chainizi, figiri, mnafu, majani ya maboga, matembele, kabichi, mlenda, nyanya, bilinganya na uyoga;
* robo: vyakula vya protini, kama maharage, kunde, njegere, samaki, dagaa, mayai, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi;
* robo: wanga, kama ugali, wali, viazi, ndizi za kupika, magimbi au mihogo.

Maharage yana protini na wanga pia, hivyo mwenye kula maharage mengi hupunguza kidogo ugali. Lakini wanga wake huingia kwenye damu polepole, na bei yake ni ndogo kuliko ya nyama.

Njia hiyo inahitaji kurekebishwa kwa familia zinazokula pamoja kwenye sinia au sahani moja, kwa sababu matonge hayahesabiki na anayekula haraka hula zaidi. Mgonjwa apakuliwe chake pembeni kabla ya wengine kuanza, au sehemu yake ikatwe kwenye ugali tangu mwanzo. Tafiti ndogo zimeonyesha pia kwamba kuanza na mboga na kitoweo, kisha wanga mwishoni, hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula. Kwa mlo wa ugali hiyo ina maana ya kula mboga kadhaa kwanza, kisha kuendelea na tonge dogo kwa mboga nyingi.

Ugumu mwingine ni wa heshima. Mgeni au mzee hupakuliwa ugali mkubwa, na kuubakiza kunaweza kuchukuliwa kama dharau. Kwenye misiba na harusi hupikwa wali au ugali kwa wingi, na soda hugawiwa kwa kila mtu. Wagonjwa wanaowaeleza ndugu hali yao mapema hupata nafasi ya kuomba mboga zaidi na maji badala ya soda. Mlo wa namna hii unawafaa pia wasio na kisukari, kwa hiyo mpishi hahitaji kuweka chungu cha pili jikoni.

## Vyakula vingine vya mkoani

Viazi na ndizi. Viazi vitamu, viazi mviringo, magimbi na ndizi za kupika ni wanga, si mboga. Vikiliwa, ugali uachwe au upunguzwe katika mlo huo. Kuchemsha ni bora kuliko kukaanga.

Wali. Mchele mweupe hupandisha sukari kwa kasi. Kikombe kidogo cha wali uliopikwa, pamoja na maharage na mboga nyingi, kinafaa kuliko sahani iliyojaa wali wenye mchuzi tu.

Matunda. Tunda zima linafaa kuliko juisi, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari. Kwa kawaida chungwa moja, ndizi moja ndogo au kipande cha papai hutosha kwa mara moja. Embe bivu na miwa vina sukari nyingi zaidi. Parachichi lina wanga kidogo sana na mafuta yasiyodhuru moyo, lakini lina nishati nyingi, hivyo anayetaka kupunguza uzito ale nusu au robo.

Karanga, ufuta na alizeti. Karanga za kuunga mboga huongeza protini na ladha. Mafuta ya alizeti ni mazuri kuliko mafuta yanayoganda, lakini kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina kilokalori takriban 120. Mboga haihitaji kuogelea.

Dagaa na samaki wa chumvi. Ni chanzo kizuri cha protini. Wenye kisukari wengi wana shinikizo la juu la damu pia, kwa hiyo samaki wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai.

## Vinywaji

Sukari iliyoyeyuka katika kinywaji huingia kwenye damu haraka kuliko iliyomo katika chakula kigumu. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40, sawa na vijiko 8 au 9 vya chai. Anayekunywa chai yenye vijiko 3 vya sukari mara tatu kwa siku anatumia vijiko 9 bila kuhesabu chakula. Kuondoa sukari hiyo ndiyo hatua yenye gharama ndogo kuliko zote, maana inapunguza matumizi badala ya kuyaongeza. Anayeshindwa kuacha mara moja hupunguza nusu kijiko kila wiki hadi ulimi uzoee. Tangawizi, mchaichai na mdalasini huipa chai ladha. Asali na sukari guru nazo hupandisha sukari kama sukari nyeupe.

Pombe za kienyeji kama kimpumu, unaotengenezwa kwa ulezi, na komoni zina wanga pamoja na alkoholi. Mwanzoni sukari inaweza kupanda. Baadaye, hasa kwa mtu ambaye hajala na anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, inaweza kushuka kwa hatari hata usiku akiwa amelala, kwa sababu alkoholi huzuia ini kutoa glukosi. Dalili zake hufanana na za ulevi, hivyo waliomzunguka wanaweza kudhani amelewa tu.

## Tunduma: safari na chakula cha barabarani

Tunduma iko kwenye mpaka wa Zambia, ikitazamana na Nakonde. Hupitiwa na barabara kuu ya Tanzania na Zambia na reli ya TAZARA. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilizinduliwa mwaka 2019. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Madereva wa malori, matingo, wafanyabiashara na mawakala wa forodha hukaa saa nyingi bila kutembea, hula wakati wowote nafasi inapopatikana na hutegemea mama lishe na vibanda vya chipsi.

Chipsi mayai na soda ni mlo wenye wanga, mafuta na sukari nyingi na mboga kidogo. Kwenye meza hiyohiyo ya mama lishe kuna chaguo lingine: nusu ya ugali au wali wa kawaida, maharage, mboga mara mbili, samaki au kuku wa mchuzi, na maji. Kwa kifungua kinywa, mayai ya kuchemsha na chai isiyo na sukari pamoja na chapati moja ni bora kuliko chapati tatu na chai tamu. Karanga za kuchemsha na matango hubebeka katika gari.

Dereva anayetumia insulini au glibenklamaidi anapaswa kupima sukari kabla ya kuanza safari na kubeba kitu cha sukari mahali anapoweza kukifikia akiwa kwenye usukani. Akianza kutetemeka au kuona ukungu, asimamishe gari kwanza. Insulini isiachwe kwenye dashibodi yenye jua, kwa kuwa joto huiharibu. Foleni ya mpakani inaweza kutumika kwa kutembea. Dakika 15 za mwendo baada ya kula husaidia misuli kutumia glukosi.

## Nyakati za mlo na sukari kushuka

Kupunguza wanga si kukaa na njaa. Mtu anayetumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamaidi akiruka mlo, au akienda kulima asubuhi bila kula baada ya kumeza dawa, sukari yake inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na hatimaye kupoteza fahamu. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hali hiyo.

Huduma ya kwanza ni kumpa mgonjwa sukari ya gramu 15: vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, au karibu nusu ya chupa ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa bado iko chini, arudie, na ikipanda ale mlo au kitafunwa. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu na kupelekwa hospitali mara moja. Hapa soda na sukari, ambazo siku nyingine huepukwa, ni dawa.

Mwenye kisukari anayetaka kufunga, iwe Ramadhani, Kwaresima au mfungo mwingine, azungumze na mhudumu wa afya mapema ili dawa zirekebishwe.

## Wanaohitaji uangalifu zaidi

* Watoto na vijana wenye aina ya 1 wanahitaji chakula cha kutosha ili wakue. Lishe haiwezi kuchukua nafasi ya insulini, na kuiacha kunaweza kuua ndani ya siku chache.
* Wajawazito hawapaswi kupunguza chakula bila mwongozo. Hupimwa mara kwa mara na baadhi huhitaji insulini.
* Wagonjwa wembamba wapo pia, kwani si kila mwenye kisukari ni mnene. Aliyekonda hahitaji kupunguza uzito, bali chakula chenye protini na uchunguzi wa chanzo.
* Wenye ugonjwa wa figo wanaweza kuhitaji kupunguza protini, ndizi, parachichi na baadhi ya mboga. Mpango wao hutolewa na daktari.

## Kupima na huduma za afya

Kisukari huthibitishwa kwa vipimo. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula chochote, au 11.1 na zaidi wakati wowote kwa mtu mwenye dalili, ni alama ya ugonjwa. Dalili hizo ni kiu, kukojoa mara kwa mara, kukonda na uchovu. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3, na asilimia 6.5 au zaidi huashiria kisukari. Kwa watu wazima wengi wanaotibiwa, lengo ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kabla ya mlo, ingawa daktari anaweza kuweka lengo tofauti kwa wazee au wenye magonjwa mengine.

Mkoa una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe huko Vwawa, pamoja na hospitali za wilaya na za mashirika ya dini, kama hospitali ya misheni ya Mbozi na ile ya Isoko wilayani Ileje. Matatizo makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Halmashauri zina maofisa lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, huandaa miongozo ya ulaji kwa taifa.

Asiye na mashine ya kupimia nyumbani anaweza kuandika alichokula na saa alizokula kwa siku tatu kabla ya kwenda kliniki. Orodha hiyo humwonyesha mhudumu mahali pa kupunguza kuliko jibu la jumla kwamba "ninakula vizuri".

## Dhana zisizo sahihi

* "Kisukari hutokana na kula sukari tu." Urithi, uzito, umri na kutofanya mazoezi huchangia. Vinywaji vyenye sukari huongeza hatari ya aina ya 2.
* "Dona haina madhara, hivyo inaliwa bila kipimo." Ubora wa unga haufuti kiasi chake.
* "Kitu kichungu huondoa kitu kitamu." Uchungu wa mzizi au jani si uthibitisho kwamba linashusha sukari. Baadhi ya mitishamba huathiri figo au ini, au hugongana na dawa.
* "Sukari ikishuka kwa chakula, dawa ziachwe." Dawa hupunguzwa au kuondolewa na mtaalamu baada ya vipimo. Sukari iliyoshuka huenda imeshuka kwa sababu ya dawa hizohizo.

## Tazama pia

* Kisukari
* Insulini
* Ugali
* Shinikizo la juu la damu
* Mkoa wa Songwe
* Tunduma